Onja Kwanza, Lebo Baadaye

Mkulima wa Hombolo anavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nje kidogo ya jiji tunalosomea. Lakini siku bumu likisoma na washkaji wakaamua kujipongeza, chupa inayowekwa mezani imetoka Afrika Kusini kwa meli. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Waini ya hapa ni sukari tupu," au "Ya hapa inaumiza kichwa." Muulize huyo aliyejibu ni lini mara ya mwisho aliionja. Ataanza kutazama simu yake.

Upande wa pili wapo wazalendo. Hawa wakiona chupa imeandikwa Dodoma wanaipiga picha, wanaitupia status na kusema hakuna kama hii duniani. Nao ukiwauliza ni zabibu gani imo humo, watatazama simu vilevile.

Kwangu mimi makundi haya mawili ni kundi moja. Wote wamehukumu kwa macho kitu ambacho kinatakiwa kuhukumiwa kwa ulimi. Mvinyo wa Dodoma hauna haja ya dharau zetu, na huruma zetu nazo haziusaidii. Tuuonje lebo ikiwa imefunikwa, kisha tuseme ukweli, hata kama ukweli huo utamuudhi mtu.

Nimelipata wazo hili kwenye shughuli ya kuonja mvinyo iliyofanyika mjini mwezi uliopita. Kiingilio kilikuwa shilingi 15,000, ambayo kwa mama ntilie wetu ni chakula cha siku tatu hivi. Tulikwenda sita: wawili wa Sheria, mmoja wa Uhandisi, mmoja wa Kemia, mimi, na dada mmoja wa Ualimu ambaye hanywi pombe. Yeye alifuata mishikaki na muziki, akaishia kuwa karani wetu wa alama. Nashukuru alikuja, maana mwishoni ni yeye tu aliyekuwa anakumbuka nani alisema nini.

Ukumbi ulikuwa umechangamka kuliko nilivyotegemea. Muziki ulikuwepo, vicheko vilikuwepo, watu wa maofisini wamependeza, na sisi wanachuo kwenye kona yetu tukijaribu kuonekana wazoefu. Mezani palikuwa na chupa sita, kila moja imeviringishwa gazeti na kuandikwa namba kwa maka peni. Aliyeongoza alikuwa mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi ya kutengeneza mvinyo kwa miaka mingi. Alianza hivi: "Wanangu, hapa hatunywi. Hapa tunaonja."

Yule wa Uhandisi akanyoosha mkono. "Shikamoo mama. Na anayetaka kunywa?"

"Marahaba. Huyo akalipie baa."

Kila meza ilipewa ndoo ndogo ya kutemea. Hapo ndipo zogo lilipoanza. Mwanachuo gani anatema kitu alicholipia? Wa Uhandisi akatangaza kwamba elfu kumi na tano yake haitemwi, akameza kila kilichomiminwa. Kufika chupa ya nne alikuwa anatoa tisa kwa kumi kwa kila kitu, pamoja na maji ya kusukutulia. Mama akasoma karatasi yake, akacheka, akasema, "Ndiyo maana tunatema."

Mafunzo yenyewe hayakuwa magumu. Inua glasi uangalie rangi. Izungushe taratibu ili harufu ipande. Ingiza pua, nusa. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, kisha tema. Halafu jiulize maswali manne: utamu upoje, uchachu upoje, ukakasi upoje, na ladha inakaa muda gani baada ya kutema? Neno la ukakasi ndilo lililotufungua macho. Karatasi tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, imejaa majina ya matunda ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona yakiwa mtini. Tulikuwa tunatingisha vichwa tu. Mama akasema tuiweke pembeni. "Umewahi kula bibo? Ndizi mbichi je? Ule mkwaruzo unaobaki kwenye ulimi ni ukakasi. Mvinyo mwekundu unaupata kwenye maganda na mbegu za zabibu." Kuanzia hapo meza yetu haikunyamaza. Mmoja akasema namba mbili inanukia mapera. Mwingine akasema namba tatu ina zambarau na mbali kidogo ukwaju. Wa Sheria akasisitiza kwamba namba sita inanuka viatu vipya, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye msimamo huo.

Karani akajumlisha. Kati ya watano tulioonja, watatu walikuwa wameweka namba tatu kuwa ya kwanza. Wanne walikuwa wameweka namba tano kuwa ya mwisho: utamu wa kukwama kooni, na harufu inayoelekea kwenye siki. Kisha magazeti yakachanwa. Namba tatu ilikuwa ya Dodoma, nyekundu isiyo na sukari. Namba tano nayo ilikuwa ya Dodoma.

Mwanasheria mtarajiwa, ambaye njia nzima alituhubiria kwamba yeye hanywi waini ya hapa, na ambaye namba tatu aliipa nane na nusu, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi glasi zilichanganywa."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini hayuko peke yake, na jambo hili halikuanzia Dodoma. Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara wa mvinyo wa Kiingereza aliyekuwa akiishi Paris, Steven Spurrier, aliwaalika majaji wa Kifaransa kuonja mvinyo wa Ufaransa na wa California, chupa zikiwa zimefichwa. Siku zile kulinganisha California na Ufaransa kulionekana mzaha. Majaji wakaonja, wakatoa alama. Mweupe ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa Chateau Montelena wa mwaka 1973, na mwekundu ulikuwa Stag's Leap wa mwaka 1973. Yote miwili ilitoka California. Mmoja wa majaji, Odette Kahn, aliyekuwa mhariri wa jarida la mvinyo, alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama. Yaani hata Paris glasi zilichanganywa.

Utafiti nao upo. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Bordeaux, ambako wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe, na mvinyo huohuo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ule uliotiwa rangi waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikuwa yameshaiambia pua cha kunusa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwaonjesha watu mvinyo mmoja mara mbili, mara moja wakiambiwa bei ya chupa ni dola 10, na mara nyingine dola 90. Walisema ule wa dola 90 ni mtamu zaidi, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba hawakuwa wanajifanya. Kwa hiyo anayesema chupa ya nje ni bora, inawezekana kabisa hadanganyi. Anausikia ubora huo kweli, ila unatoka kwenye lebo.

Sasa tuizungumze zabibu yenyewe, maana wengi tunaipita barabarani bila kuijua. Kilimo chake hapa kinahusishwa na wamisionari wa Kitaliano waliokuwa Bihawana katika miaka ya 1950. Leo aina kubwa ni mbili: Makutupora nyekundu, inayobeba jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na Chenin Blanc nyeupe. Hiyo ya pili asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na ndiyo zabibu nyeupe inayoongoza kwa kupandwa Afrika Kusini. Maana yake chupa nyeupe unayoisifu kwa sababu imetoka Cape na chupa unayoidharau kwa sababu imetoka Dodoma zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Tofauti inaletwa na mahali na mikono. Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi kali na kuzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima akiupogoa kwa mpango mzuri anapata mavuno mara mbili, moja mwanzoni mwa mwaka na nyingine katikati ya kiangazi, mwezi Agosti na Septemba. Jua letu linaipa zabibu sukari nyingi, na joto linapunguza uchachu wake. Hilo ni jambo jema na ni mtihani pia. Sukari nyingi inaweza kuwa mvinyo mkavu wenye nguvu kama chachu itaachwa ifanye kazi yake mpaka mwisho. Uchachu ukipungua na mtengenezaji akizembea, mvinyo unakuwa mzito na mchovu. Ndiyo maana namba tatu na namba tano ziliweza kutoka mkoa mmoja. Kusema "waini ya Dodoma ni nzuri" au "waini ya Dodoma ni mbaya" ni sawa na kusema wanachuo wote wa mwaka wa pili ni vilaza. Yupi? Wa kozi gani?

Hapa nawageukia wazalendo. Wahenga wa pwani walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walijua walichokisema, maana jamii zetu zilikuwa na waonjaji kabla ya glasi zenye miguu mirefu. Muulize mzee wa Kilimanjaro kuhusu mbege. Atakuambia kama ndizi zilikuwa zimeiva vya kutosha, kama ulezi ulizidi, kama ni ya leo au ya jana. Muulize mtu wa Iringa kuhusu ulanzi. Hao hawamsifu mpishi kwa sababu ni jirani yao. Wanaonja, na pombe ikiwa mbaya wanamwambia, na wiki ijayo anajirekebisha. Tukiisifu namba tano kwa sababu ni ya nyumbani, tunamfundisha aliyeitengeneza kwamba siki yake inatosha. Na aliyehangaika na namba tatu naye tunamwambia amejisumbua bure.

Anayeumia zaidi kwa ujinga huu wetu hayupo mezani. Ni mkulima. Msimu ukifika tunasikia kilio kile kile: zabibu zimeiva, mnunuzi haeleweki. Zabibu ya mvinyo haina subira ya mahindi. Huwezi kuiweka ghalani ukisubiri bei ipande mwezi wa pili. Ikishaiva ina siku zake, ikishavunwa inatakiwa kukamuliwa haraka. Wengine wanaikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda, wakiwa na mapipa machache na nguvu ndogo ya kubishania bei. Wengine wanaitoa kwa bei yoyote, au tunaiona stendi kwenye mabeseni, ikitembezwa kwenye madirisha ya mabasi.

Mtu atasema hilo ni suala la soko na serikali, mwanachuo anaingiaje? Anaingia hivi. Serikali imeweka kiwango cha chini cha ushuru wa bidhaa kwa mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu za nchini kwa zaidi ya asilimia 75. Hatua hiyo ni nzuri, lakini ushuru haumlazimishi mtu kupenda kitu. Kama mnywaji anataka sukari tu, kiwanda hakina sababu ya kumlipa zaidi mkulima aliyechelewesha mavuno wiki moja ili zabibu ziive sawasawa, akapunguza mashada ili yaliyobaki yanone. Wote watalipwa kwa kilo, mzembe na mwangalifu. Siku wanywaji watakapojua kutofautisha, kiwanda kitahitaji zabibu bora, na zabibu bora itakuwa na bei yake. Na wanywaji wa miaka kumi ijayo, maafisa manunuzi, mameneja wa hoteli, maafisa kilimo na wenye maduka, sasa hivi tumejazana kwenye korido tukisubiri matokeo ya UE.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: mwanafunzi wa mkopo anaonja mvinyo kwa hela ya nani? Swali la haki. Ila tusidanganyane, hela ya pombe chuoni ipo, na usiku wa Ijumaa unaijua. Wakubwa wetu wa vyuo walikunywa viroba mpaka vikapigwa marufuku mwaka 2017, na shida haikuwa kile kifuko cha plastiki peke yake. Shida ilikuwa kunywa ili kulewa haraka na kwa bei nafuu. Kuonja ni kinyume chake. Chupa moja ya mililita 750 inawatosha watu kumi na watano kuonja. Wakichanga elfu moja moja, chupa imepatikana na hakuna atakayelewa.

Pingamizi ya pili ni ya dini na ya afya, na hii naipokea kwa heshima zote. Asiyekunywa asishawishiwe, asitaniwe, wala asiulizwe sababu. Karani wetu alikaa saa tatu bila kugusa pombe na alifurahi kuliko sisi. Zabibu zenyewe pia zinaonjwa, na juisi yake halisi inaonjwa. Weka bakuli la Makutupora na bakuli la Chenin Blanc mezani, mtu afunge macho, aseme tofauti. Somo ni lile lile, na hata mwenye mtihani kesho asubuhi anaweza kushiriki.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na nayaelekeza kwa watu wenye majina ya vyeo ili wasisingizie kwamba hawakusikia.

Kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi: kwenye bajeti ya burudani tunalipia spika kubwa na msanii anayechelewa saa nne. Tengeni kiasi kidogo kwa siku moja ya kuonja mazao ya Dodoma, meza ya zabibu na juisi kwa wote, meza ya mvinyo kwa waliotimiza miaka 18 na wanaotaka, chupa zote zikiwa zimefunikwa. Mwisho wa siku bandikeni matokeo ubaoni, yakiwa mazuri au mabaya.

Kwa wenzetu wa Kemia, Kilimo na Biashara: kila mwaka tunasikia malalamiko kwamba mada za utafiti zimeisha, watu wanadesa kazi za waliotangulia. Hapo nje kuna shamba. Kupima sukari ya zabibu kunahitaji kifaa kidogo kinachoshikwa kwa mkono na tone moja la juisi. Nani amefuatilia sukari hiyo wiki kwa wiki kwenye shamba la mkulima mmoja mdogo na kumwambia siku sahihi ya kuvuna? Nani amekaa na wauza mchuzi wa zabibu kuhesabu gharama zao? Huo utafiti haumalizikii kabatini.

Kwa wenye viwanda, kama gazeti hili linawafikia: andikeni kwenye lebo mambo ya kusomeka. Zabibu gani, kijiji gani, mavuno ya mwaka gani, na mvinyo ni mkavu au mtamu. Andikeni kwa Kiswahili, semeni zambarau na ukwaju. Picha ya zabibu inayong'aa haimwambii mnunuzi kitu. Mkiandika kijiji, mkulima wa kijiji hicho naye atakuwa na jina la kulinda.

Na kwako ndugu msomaji, uliyekwishaamua kwamba ya hapa haifai au kwamba ya hapa haina mpinzani: siku utakapokuwa na washkaji na chupa mbili, moja ya Dodoma na moja ya kwingine, tafuteni gazeti. Hata hili litafaa, ukishamaliza kulisoma. Zifungeni chupa, mmoja asiyekunywa awe karani, kila mtu aandike alama zake kabla ya kufungua mdomo. Kisha chaneni gazeti. Mkikuta ya Dodoma imeshindwa, semeni imeshindwa na mseme kwa nini. Mkikuta imeshinda, msimruhusu mtu yeyote aseme glasi zilichanganywa.